Kabla ya ribosomu: usahihi wa protini unaanzia wapi

Ukifungua kitabu cha biolojia kwenye sura ya protini, aghalabu utakutana na mchoro uleule: uzi wa mRNA, nakala ya maagizo ya jeni, umepita katikati ya ribosomu, mashine ya seli inayojenga protini; tRNA, molekuli ndogo za kubebea, zinaingia zikiwa zimebeba asidi amino, yaani matofali ya protini, na mnyororo wa protini unarefuka. Mchoro hauna kosa. Ila umeruka hatua iliyotangulia, ambayo ndiyo kazi yangu ya kila siku: nani aliyeipandisha asidi amino hiyo juu ya tRNA, na alijuaje kwamba ndiyo inayostahili? Vitabu vingi huimaliza hatua hii kwa sentensi moja. Kwa maoni yangu hapo ndipo maana ya jeni inapoamuliwa. Ribosomu hufika baadaye na kukuta mengi yameshaamuliwa.

Yanayojulikana tuyapitie upesi. Seli hunakili kipande cha DNA kuwa mRNA. Uzi wa mRNA umeandikwa kwa herufi nne za kikemia ziitwazo besi, A, C, G na U, na kila besi tatu zinazofuatana ni kodoni moja. Kodoni zote ni 64: 61 zinawakilisha asidi amino 20, na 3 zilizobaki zinaamuru mnyororo ukome. Njia ya kulijua jedwali hili ilifunguliwa mwaka 1961, pale Marshall Nirenberg na Heinrich Matthaei walipochukua RNA yenye besi ya U peke yake, wakaitia kwenye utomvu wa bakteria waliopondwa, wakapata mnyororo wa fenilalanini tupu. Kufikia 1966 jedwali lilikuwa limekamilika.

Lakini litazame jedwali hilo kwa jicho la mkemia. UUU ni fenilalanini. Kwa nini? Ukiziweka kodoni ya UUU na molekuli ya fenilalanini kwenye chombo kimoja, hazitashikana kwa namna ya pekee. Francis Crick aliliona jambo hili mapema, mwaka 1955, akapendekeza kwamba lazima kuwe na molekuli ya kati: upande mmoja isome besi, upande wa pili ibebe asidi amino, na kuwe na kimeng'enya maalumu, yaani protini inayoendesha mmenyuko wa kikemia, cha kuziunganisha. Muda si mrefu Mahlon Hoagland na Paul Zamecnik wakaipata molekuli yenyewe. Ndiyo tRNA, uzi mfupi wa besi zipatazo 76 uliojikunja kwa umbo la L. Ncha moja ina antikodoni inayoshikana na kodoni. Ncha ya pili inaishia kwa besi C, C na A, na hapo ndipo asidi amino inapofungwa. Kati ya ncha hizo mbili kuna takriban nanomita 7. Kwa kipimo cha molekuli huo ni umbali mkubwa, maana anayeisoma ncha moja haioni nyingine.

Je, ribosomu huangalia ni asidi amino gani iliyoletwa? Jaribio lililojibu swali hili lilichapishwa mwaka 1962 na François Chapeville na wenzake, akiwamo Fritz Lipmann na Seymour Benzer, nami bado naliona kuwa mojawapo ya majaribio mazuri kupita yote katika biokemia. Walichukua tRNA ya sisteini ikiwa tayari imebeba sisteini yake. Wakaipitishia nikeli ya Raney, kichocheo kinachong'oa salfa. Sisteini ikinyang'anywa salfa yake hubaki alanini. Sasa wakawa na tRNA ambayo antikodoni yake inasema sisteini, huku mzigo ilioubeba ni alanini. Wakaiingiza kwenye mfumo wa kutengeneza protini wenye RNA iliyokuwa ikidai sisteini. Ribosomu ikaiweka alanini pale pale palipotakiwa sisteini, bila pingamizi lolote. Ilitazama antikodoni, ikaona inalingana na kodoni, ikaendelea na kazi.

Maana yake ni nzito. Kosa lolote linalofanyika wakati wa kupakia tRNA halitarekebishwa mbele ya safari. Mzigo wote wa usahihi unaangukia vile vimeng'enya alivyovitabiri Crick, ambavyo jina lao kamili ni aminoasili-tRNA sintetasi. Hapa nitaviita sintetasi tu. Viumbe wengi wana sintetasi moja kwa kila asidi amino.

Namna sintetasi inavyofanya kazi ni ya hatua mbili. Kwanza inaikamata asidi amino pamoja na ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, inavunja ATP, na kuifunga asidi amino kwenye AMP, kipande cha ATP kinachobaki na fosfati moja. Kifungo hiki kina nishati nyingi, na ndiyo itakayotumika baadaye kwenye ribosomu kuunganisha mnyororo. Pili, inaihamisha asidi amino kutoka AMP hadi kwenye ncha ya CCA ya tRNA yake. Salio la ATP, yaani fosfati mbili zilizoshikana, huvunjwa papo hapo na kimeng'enya kingine ili mambo yasirudi nyuma.

Ugumu uko kwenye kuchagua. Asidi amino nyingine hutambulika bila shida: triptofani ni kubwa na ina mapete mawili, haiwezi kuchanganywa na glisini. Ila chukua isolusini na valini. Zote zina mkia wa kaboni na haidrojeni usiopenda maji. Mkia wa isolusini umezidi kwa atomu moja ya kaboni na mbili za haidrojeni. Basi, tofauti yote ni hiyo. Sintetasi ya isolusini ina mfuko uliochongwa kwa kipimo cha isolusini, na molekuli iliyo kubwa kuliko hapo haiingii. Iliyo ndogo utaizuiaje? Valini inaingia kwa nafasi, na inachokosa ni ule mshiko mdogo wa atomu tatu zisizokuwapo. Katika miaka ya 1950 Linus Pauling alipiga hesabu ya nguvu ya mshiko huo na kuonyesha kwamba pekee hautoshi: valini ingeingia mahali pa isolusini mara nyingi mno. Robert Loftfield alipokwenda kupima ndani ya protini halisi, alikuta kosa 1 hivi katika kila 3,000.

Ili uone kwa nini tarakimu hizi si za kupuuzwa, chukua protini yenye asidi amino 400. Kama kila hatua ina uwezekano wa kosa 1 kati ya 100, basi protini zitakazotoka bila doa hazifiki 2 kati ya 100. Kosa likiwa 1 kati ya 10,000, zitakazotoka safi ni 96 kati ya 100. Titini, protini kubwa ya misuli yenye asidi amino zaidi ya 34,000, haina bahati hiyo: hata kwa kiwango hicho cha pili, molekuli nyingi za titini zitakuwa na kosa mahali fulani. Zinafanya kazi hivyo hivyo, kwa sababu makosa mengi ya moja moja hayaharibu umbo, na kosa la molekuli moja halirudiwi kwenye molekuli inayofuata. Mabadiliko kwenye jeni ni habari nyingine kabisa. Hayo hujirudia katika kila nakala.

Sasa pengo kati ya hesabu ya Pauling na kipimo cha Loftfield linazibwa na nini? Mwaka 1966 Anne Norris Baldwin na Paul Berg walichanganya sintetasi ya isolusini, ATP na valini, na kuona kwamba kimeng'enya kinakosea kweli: kinaifunga valini kwenye AMP na kukaa nayo. Kisha wakatia tRNA ya isolusini. Ungetarajia valini ihamie kwenye tRNA. Badala yake ile valini iliyofungwa kwenye AMP ilivunjika, valini ikaachiliwa, na ATP ikawa imepotea bure. Walipofanya vivyo hivyo kwa isolusini, ilihamia kwenye tRNA ikatulia. Kimeng'enya kilikuwa kikijihakiki chenyewe, na kilihitaji tRNA iwepo ndipo kihakiki.

Maelezo ya namna hilo linavyowezekana alikuja kuyatoa Alan Fersht katika miaka ya 1970, na tangu hapo yanajulikana kama chekeche mbili. Chekeche ya kwanza ni ule mfuko wa kupakia, unaozuia kila kilicho kikubwa kuliko isolusini. Chekeche ya pili ni mfuko mwingine, mdogo zaidi, uliomo ndani ya kimeng'enya hicho hicho kwa umbali wa nanomita 3 na ushei. Isolusini haiingii humo. Valini inaingia, na ikiingia inakatwa kwa maji na kutupwa nje. Ncha ya CCA ya tRNA ikiwa imepakiwa huinuka kutoka mfuko wa kwanza na kuinamia wa pili, ikiupeleka mzigo wake kwenye ukaguzi. Miundo ya fuwele iliyopatikana miaka ya 1990 iliionyesha mifuko yote miwili waziwazi. Kila ninapoutazama muundo huo kwenye skrini, nikiwa nimeshajua mwisho wake, bado nafurahi kama mtu anayeuona mara ya kwanza.

Si kila sintetasi ina chekeche ya pili. Ile ya tairosini haina. Tairosini hutofautiana na fenilalanini kwa kundi moja la haidroksili, na kundi hilo hushikwa kwa nguvu kiasi kwamba fenilalanini haipati nafasi. Ya valini inayo, kwa kuwa threonini ina umbo karibu sawa na valini. Ya alanini inayo, kwa sababu ya serini na glisini. Seli haiweki gharama ya ukaguzi mahali pasipohitajika.

Kuitambua tRNA sahihi nako kuna mambo ya kushangaza. Mtu angedhani kila sintetasi husoma antikodoni, na nyingi kweli huisoma. Ile ya alanini haiigusi kabisa. Mwaka 1988 Ya-Ming Hou na Paul Schimmel walionyesha kwamba kinachotazamwa ni jozi moja ya besi, G nafasi ya 3 na U nafasi ya 70, karibu na ncha inayobeba mzigo. Wakaipandikiza jozi hiyo kwenye tRNA ya sisteini na ya fenilalanini, nazo zikaanza kupakiwa alanini.

Ribosomu nayo nisiionee. Ina ukaguzi wake, ila ni wa kitu kingine: inahakiki kama antikodoni imelingana na kodoni. Besi za RNA yake, A1492, A1493 na G530 kwa bakteria, huugusa mfereji wa jozi za besi za kodoni na antikodoni kupima kama umbo lake limenyooka. Baada ya hapo GTP, ndugu wa ATP, inavunjwa, na tRNA isiyolingana hupata nafasi ya pili ya kudondoka. Yote haya kwa kasi ya asidi amino 15 hadi 20 kwa sekunde katika bakteria anayekua vizuri. Ukijumlisha, kila asidi amino inayoongezwa hugharimu vifungo vinne vya fosfati vyenye nishati kubwa: viwili kwenye sintetasi, viwili kwenye ribosomu. Kuunganisha tu kungehitaji nishati kidogo sana kuliko hiyo. Sehemu kubwa ya ziada inanunua usahihi na kuzuia kazi isirudi nyuma. Hoja ya kwamba kuhakiki lazima kulipiwe kwa nishati iliwekwa kwenye hesabu na John Hopfield mwaka 1974, na Jacques Ninio kivyake mwaka uliofuata.

Naulizwa mara kwa mara kama mafuta na sukari hujengwa kwa njia hii. Hapana, hazina kielelezo cha kunakili. Asidi ya mafuta hurefushwa kwa kaboni mbili mbili na kimeng'enya kimoja, ambacho kwa kawaida husimama kwenye kaboni 16. Minyororo ya glaikojeni, akiba ya sukari mwilini, haina urefu maalumu. Kinachoongoza ni umbo la mifuko ya vimeng'enya vilivyopo, na vimeng'enya hivyo ni protini. Kwa hiyo hata huko usahihi unategemea kwamba tRNA zilipakiwa vizuri.

Ukaguzi ukilegea kidogo nini hutokea? Mwaka 2006 kulichapishwa utafiti wa panya wanaoyumba wakitembea na kupoteza seli za Purkinje, zile kubwa za serebelamu, sehemu ya ubongo inayoratibu mwendo. Chanzo kilikuwa badiliko la asidi amino moja kwenye sintetasi ya alanini, lililopunguza uwezo wake wa kuiondoa serini. Upakiaji wa kawaida ulikuwa mzima. Ni yale makosa machache ya ziada yaliyozalisha protini zisizojikunja vizuri, zikarundikana ndani ya seli za neva, ambazo hazigawanyiki tena.

Bakteria nao wana sintetasi zao, na zinatofautiana na zetu kiasi cha kutosha kulengwa na dawa. Mupirosini, inayopakwa kwenye ngozi dhidi ya stafilokoki, huziba sintetasi ya isolusini ya bakteria na kuiacha ya binadamu. Dawa hiyo asili yake ni bakteria mwingine, Pseudomonas fluorescens.

Na kwa anayetaka ushahidi wa mwisho kwamba maana ya kodoni iko mikononi mwa sintetasi, upo tangu 2001. Kundi la Peter Schultz lilichukua sintetasi ya tairosini na tRNA yake kutoka kwa arkea, kiumbe cha seli moja kisicho bakteria, wakaubadilisha mfuko wake upokee tairosini iliyoongezwa kundi la methili, na antikodoni wakaielekeza kwenye kodoni ya kukomesha UAG. Bakteria wa E. coli waliopewa jozi hiyo wakaanza kutengeneza protini zenye asidi amino ya 21. Ribosomu zao hazikuguswa. Tangu hapo zaidi ya asidi amino 100 za kubuni zimeingizwa kwa njia hii, baadhi zikiwa na vishikio vya kuunganishia rangi au dawa mahali mahususi kwenye protini. Mahali ribosomu inapoleta ukaidi ni pale unapobadilisha uti wa asidi amino wenyewe badala ya mkia, kwa mfano kuongeza kaboni moja katikati. Hizo huzipokea kwa shida, na ndiyo maana sasa wapo wanaojaribu kuibadilisha ribosomu pia.