Je, wajua? Kwa nini Ng'uruhe hupotea kwenye kompyuta wakati haijafutwa

Usiku wa Julai jijini Mbeya, mtunza kanzidata (daftari la data ndani ya kompyuta) huenda ndiye mtu pekee anayefurahia kazi ya ziada. Huko Uyole watu wamejifunika mablanketi mawili mawili, mimi nimeegemea kabati la seva kama paka wa jikoni. Chumba chetu hakina kiyoyozi, na hakikihitaji.

Mwaka 2020 nilikuwa najaribu mfumo mpya wa seva kwa ajili ya chama kimoja cha akiba na mikopo chenye wanachama kuanzia Mbeya hadi Iringa. Kazi hii kwa kweli ni ya kusubiri. Unanakili data, unasubiri. Unawasha, unasoma mistari inayopita kwenye skrini, unasubiri tena. Ikifika asubuhi unamkabidhi mtu mashine ya majaribio aichezee. Mimi humpa karani wa usajili, mama mtu mzima anayewajua wanachama kwa sura na kwa madeni yao. Nimeona programu za majaribio zikipitisha mambo ambayo yeye asingeyapitisha hata akiwa anasinzia.

Siku hiyo hakuchukua hata dakika kumi.

"Mwanangu, watu wangu wa Ng'uruhe umewapeleka wapi?"

"Shikamoo mama. Wapo."

"Marahaba. Hawapo. Njoo uone."

Kweli. Ng'uruhe ni kata ya Kilolo, mkoani Iringa. Aliandika jina hilo kwenye kisanduku cha kutafutia, akabonyeza, ikaja orodha tupu. Nikamwomba afungue wanachama wote, bila kutafuta jina, ateremke taratibu. Wakatokea wote, na akiba zao hazijapungua hata shilingi. Basi data ipo. Ukiihesabu imetimia, ukiitafuta huioni. Iweje?

Kanzidata ikitafuta jina haisomi daftari zima. Ina faharasa, yaani orodha ya majina iliyopangwa kwa herufi, na inaruka ndani yake kama unavyofungua kamusi: unatua katikati, unaangalia neno, unaamua uende kushoto au kulia. PostgreSQL, programu ya kanzidata ambayo ndiyo tuliyokuwa tukiitumia, huipanga faharasa hiyo katika kurasa za kilobaiti 8, na kila ukurasa hubeba mamia ya majina. Ndiyo maana hata kati ya majina milioni moja, kufungua kurasa tatu hivi kunatosha kulifikia unalolitaka. Na kwa Mbeya ni nafuu kubwa, maana ukipanga wanachama wetu kwa majina ya ukoo, sehemu nzito ya daftari ni Mwaka-, Mwai- na Mwasa- tu.

Lakini kuruka huko kunategemea jambo moja: aliyeipanga orodha na anayeitafuta wawe na alfabeti moja.

Sasa chukua majina matatu ya nyanda zetu: Ngozi, ziwa la kreta kule Rungwe, Ng'uruhe, na Ngwazi ya Mufindi. Yapange. Ukiipuuza ile ritifaa, yaani alama (') inayofuata Ng, Ng'uruhe inasomeka kama Nguruhe na inakaa katikati. Ukiihesabu ritifaa kuwa alama kamili inayotangulia herufi zote, Ng'uruhe inakwenda mwanzo, kabla ya Ngozi. Sisi wenyewe Waswahili tukiulizwa ipi ni sahihi tutabishana mpaka jioni.

Kompyuta nayo ilibadili mawazo. PostgreSQL, isipoelekezwa vingine, ilizoea kumwachia mfumo wa seva kazi ya kupanga herufi, na kwenye Linux kazi hiyo hufanywa na maktaba ya programu iitwayo glibc. Toleo lake la 2.28, lililotoka Agosti 2018, lilikuja na kanuni mpya za kupanga. Ritifaa, kistari na wenzao, waliokuwa wakirukwa, sasa wanahesabiwa. Mimi nilikuwa nahama kutoka Debian 9 kwenda Debian 10 (Debian ni aina mojawapo ya Linux), ambayo ndiyo iliyobeba toleo hilo. PostgreSQL yenyewe sikuigusa.

Nilichokosea ni namna ya kuhamisha. Kama ningeitoa data yote kwa maandishi na kuiingiza upya, faharasa zingejengwa upya kwa kanuni mpya na nisingekuwa na cha kusimulia. Nilinakili mafaili kama yalivyo, kwa sababu ndiyo njia ya haraka. Faharasa ikaja na mpango wa zamani: Ngozi, Ng'uruhe, Ngwazi. Mashine mpya ikitua kwenye Ngozi inajiambia, Ng'uruhe iko nyuma ya hapa, inageuka kushoto, haikuti kitu. Cha ajabu, ikibahatika kutua kwenye Ng'uruhe yenyewe, inaipata. Na Wanging'ombe, wilaya ya mkoa wa Njombe yenye ritifaa vilevile, haikupotea kamwe, kwa kuwa hakuna jirani aliyeanza na Wanging- wa kupishana naye.

Kupotea kwa jina kunaudhi, ila kuna baya zaidi. Namba zetu za uanachama zina kistari, na mfumo huzuia namba moja isiandikishwe mara mbili kwa kuiuliza faharasa ileile. Faharasa iliyovurugika hujibu "haipo, andika." Nilijaribu, ikaandika. Mtu mmoja, namba moja, safu mbili. Hebu fikiria siku ya mikopo.

PostgreSQL 15, iliyotoka Oktoba 2022, huweka kumbukumbu ya toleo la kanuni za kupanga ambalo kanzidata iliundwa nalo, na hutoa onyo ikikuta limebadilika. Yetu ilikuwa ya 11, ilinyamaza kimya.

Dawa yake ni amri moja, REINDEX, inayojenga faharasa upya. Nilifuta kwanza safu ile pacha niliyoiandika, maana ikikuta pacha inagoma kujenga, kisha nikaiendesha huku mama karani akimimina chai. Akaandika tena Ng'uruhe. Wakarudi.

"Bado wawili," akasema.

Hao nilihangaika nao kuliko wengine wote, na mwisho ikaonekana hawakuhusiana na seva mpya hata kidogo. Walisajiliwa kwa simu, na kibodi ya simu ile iliweka ritifaa iliyopinda badala ya iliyonyooka. Kwa macho yetu ni alama moja. Kwa kompyuta ni mbili tofauti, moja ina namba 39, nyingine 8217. Walikuwa wamepotea tangu siku waliyojiunga. Mama karani akawasahihisha mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, chai ikiwa bado ya moto.