Namba tasa ya tarakimu milioni 41 hupimwaje?

Darasani, iwe Rungwe, Mafinga au Njombe, namba tasa hupimwa kwa kugawa: jaribu 2, 3, 5, 7, uendelee hadi kipeuo cha pili cha namba yenyewe. Kwa 127 unaishia 11. Sasa chukua 2 kwa kipeo cha 136,279,841, utoe 1. Namba hiyo tasa, iliyopatikana Oktoba 2024 na Luke Durant wa Marekani, ina tarakimu 41,024,320. Ukiipa kila tarakimu milimita 2 kando ya barabara, utatoka Mbeya mjini, upite Uyole, upite Tukuyu, na tarakimu bado hazijaisha. Kipeuo chake tu kina tarakimu zaidi ya milioni 20, kwa hiyo kugawa hakutafika popote.

Kinachosaidia ni umbo lake. Namba za 2ᵖ − 1, ziitwazo namba za Mersenne, zina kipimo chao, kilichoanzishwa na mwanahisabati Édouard Lucas na kukamilishwa na mwenzake D. H. Lehmer, na mwanafunzi anaweza kukifanya kwa kalamu. p iwe tasa na witiri. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa namba unayoipima, chukua baki tu. Rudia hadi mizunguko p − 2 itimie; ile 4 ya kuanzia haihesabiwi. Baki la mwisho likiwa 0, namba ni tasa. Likiwa kingine chochote, si tasa.

Kwa 127, p ni 7, mizunguko 5: 14, 67, 42, 111, 0.

Kugawa nako kuna njia ya mkato. Baada ya 67 unapata 67 × 67 − 2 = 4,487. Igawanye kwa 128, yaani 2⁷, badala ya 127: inaingia mara 35, baki 7. Jumlisha 35 na 7, ni 42. Kompyuta hufanya vivyo hivyo, maana kwake namba ya Durant ni biti (tarakimu za 0 na 1) 136,279,841, zote 1, kama megabaiti 17 hivi. Kugawa kwa kipeo cha 2 kwake ni kukata biti mahali pamoja, kwa hiyo hukata na kujumlisha tu. Angalia mzunguko wa mwisho: jumla inatoka 127, nayo ni sawa na 0.

Kosa tunalolikuta zaidi ni kudhani kuwa p ikiwa tasa yatosha. 11 ni tasa, lakini 2¹¹ − 1 ni 2,047, yaani 23 × 89. Kipimo kinaishia 1,736. Kinaikataa namba bila kutaja kigawo hata kimoja, na hapo ndipo uzuri wake ulipo. Ukivitaka vigawo, kila kigawo tasa ukikitoa 1 hugawanyika kwa 2p, hapa 22. Chini ya kipeuo cha 2,047 kinabaki 23 peke yake cha kujaribiwa.

Ukikosea mzunguko mmoja, yote yanayofuata yanaharibika bila dalili yoyote. Ndiyo maana namba ya Durant ilihakikiwa kwa mashine na programu tofauti. Ukijaribu 8,191, yaani 2¹³ − 1, yenye mizunguko 11, mzunguko wa 7 lazima utoe 36. Usipoipata, rudi nyuma kabla ya kuendelea.