Kuugua Katika Safari ya Siku 5 ya Kilimanjaro: Lini Uvumilie, Lini Ushuke

Mimi ni tabibu ninayeishi Moshi, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikipanda Kilimanjaro pamoja na makundi ya wageni nikiwa msimamizi wa afya zao. Swali ninaloulizwa kuliko yote, kwa kawaida jioni ya siku ya pili, ni hili: "Daktari, nikiugua njiani nijikaze au nishuke?" Wanaouliza huwa wanataka kujua nguvu zao zitawafikisha wapi, ilhali jibu linategemea zaidi aina ya ugonjwa na mwendo wa safari yenyewe. Ugonjwa uleule ambao mtu angeuvumilia bila hatari kubwa katika matembezi ya siku 8 unaweza kumwangusha katika safari ya siku 5.

Tuangalie njia ya Marangu, ambayo watu wengi huitembea kwa siku 5 kwa sababu gharama yake ni nafuu. Kwenda na kurudi ni kilomita 70 hivi. Usiku wa kwanza msafiri hulala kambi ya Mandara, karibu mita 2,720 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa pili hulala kambi ya Horombo, karibu mita 3,720. Usiku wa tatu hujilaza kwa saa chache kambi ya Kibo, karibu mita 4,720, kisha saa 6 usiku huamshwa aelekee kilele cha Uhuru, mita 5,895. Ushauri unaokubalika katika tiba ya milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande kwa zaidi ya mita 500 kila usiku, na baada ya kila siku tatu au nne pawe na siku ya kupumzika. Hesabu ya Marangu ni mita 1,000 kwa kila usiku. Kwa hiyo mtu anapofika Kibo, mwili wake tayari unadaiwa muda wa kuzoea mwinuko, hata kama hajisikii vibaya.

Katika mazungumzo ya aina hii hutajwa mara nyingi jina la Simon Mtuy, mwanariadha wetu aliyekulia kwenye miteremko ya mlima huu, ambaye mwaka 2006 alipanda kutoka lango la Umbwe hadi kileleni na kushuka hadi Mweka bila msaidizi, akibeba chakula na maji yake mwenyewe, kwa muda wa saa 9 na dakika 20 hivi, huku akisumbuliwa na tumbo la kuhara. Ninamheshimu sana kwa alichokifanya, lakini ninasikitika ninaposikia kisa hicho kikitumiwa kumhimiza mgonjwa aendelee kupanda. Ugonjwa wa mwinuko, yaani ule unaoletwa na uhaba wa oksijeni juu mlimani, kwa kawaida huanza saa 6 hadi 12 baada ya mtu kufika juu, na maji kwenye mapafu mara nyingi huonekana kati ya usiku wa pili na wa nne. Mkimbiaji anayepanda na kushuka kwa saa 9 hivi, au ndani ya saa 6 na dakika 42 kama Karl Egloff mwaka 2014, huwa amekwisha kurudi bondeni kabla ya magonjwa hayo kupata nafasi ya kukomaa. Msafiri wa siku 5 yuko mahali pabaya kati ya pande mbili: anakwenda kwa kasi ambayo mwili hauwezi kuizoea, na wakati huohuo anakaa juu muda wa kutosha kwa ugonjwa kumfikia.

Nililijua jambo hili kwa mwili wangu mwenyewe. Katika moja ya safari zangu za mwanzo nilianza kuhara usiku tukiwa Horombo. Sikuwa na homa wala damu kwenye choo, kwa hiyo asubuhi nilikunywa ORS, ule mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, nikawaambia wenzangu kwamba ni tumbo tu, nikaanza kuvuka ule uwanda mkavu ulio kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo, mwendo wa kilomita 10 hivi, kukiwa na upepo mkali na hakuna maji ya kuchota njiani baada ya chanzo cha mwisho. Nilipofika Kibo nilitapika mara tatu na kichwa kilikuwa kinagonga. Hapo niligundua kosa langu. Kutapika ni dalili ya tumbo lililochafuka, na pia ni dalili ya ugonjwa wa mwinuko; kuishiwa nguvu ni dalili ya mwili kupungukiwa na maji, na pia ni dalili ya ugonjwa wa mwinuko. Nilikuwa nimepanda na ugonjwa mmoja hadi mahali ambapo sikuweza tena kuutofautisha na mwingine ulio hatari zaidi.

Mwongozaji msaidizi, kijana niliyemzidi umri kwa miaka mingi, alinitaka nitembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa pili, kipimo cha kuona kama mwinuko umegusa ubongo, kama nilivyomfundisha mimi mwenyewe. Hatua ya nne niliyumba. Akaniambia, "Shikamoo yako naiweka palepale, kaka, lakini leo wewe ni mgonjwa, si daktari. Tunashuka." Tulishuka gizani kwa tochi. Kulipopambazuka tulikuwa Horombo na maumivu ya kichwa yalikuwa yamekwisha, ila tumbo liliendelea kuniharisha siku mbili zaidi. Kushuka kulikuwa kipimo na dawa kwa pamoja: kilichopona kwa kushuka kilitokana na mwinuko, na kilichobaki kilikuwa cha tumbo. Bado ninamshukuru kijana yule.

Tangu hapo ninayatenganisha magonjwa mapema, tukiwa bado chini. Kuhara kusiko na homa wala damu kunaweza kuvumiliwa maadamu mgonjwa anakunywa maji mengi kuliko anayopoteza na anakojoa mkojo mweupe. Pakiti za ORS zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, vinatosha kuokoa hali. Dawa za kufunga choo ninazitoa kwa uangalifu, na sizitoi kabisa pakiwa na homa au damu. Ibuprofeni siipendi kwa mtu aliyepungukiwa na maji kwa sababu inaweza kuumiza figo. Parasetamoli inafaa zaidi.

Homa ni suala jingine, na hapa nchini kwetu lina uzito ambao maandiko mengi ya watalii hayauelezi ipasavyo. Wageni wengi hupanda mlima baada ya kukaa Pwani au mbugani, na vijidudu vya malaria vinaweza kukaa mwilini siku 7 au zaidi baada ya kuumwa na mbu kabla ya kuonyesha dalili. Kichwa kuuma, kichefuchefu, uchovu: orodha ya malaria na orodha ya ugonjwa wa mwinuko zinafanana kiasi cha kutisha. Niliwahi kumpokea Mandara mgeni aliyekuwa akitetemeka chini ya mablanketi mawili, na wenzake walikuwa wamekwisha kukubaliana kwamba ni mwinuko. Pale ni mita 2,720 tu, na mwinuko haumtetemeshi mtu namna ile. Kipimo cha haraka cha malaria kilionyesha mistari miwili, naye akashushwa usiku uleule. Angejikaza hadi Kibo, kila dalili yake ingesingiziwa mlima. Ndiyo maana vipimo hivyo ni vitu vya kwanza ninavyofungasha, na mwenye homa simruhusu kupanda hata hatua moja, hata kipimo kikisema hana, kwa kuwa kinaweza kukosea ugonjwa ukiwa mchanga.

Mafua ya kawaida yanayoishia puani na kooni huwa ninayaacha yatembee, mradi mwendo upunguzwe. Yakishuka kifuani pamoja na homa, safari imekwisha, kwa sababu kazi nzito wakati wa maambukizi ya virusi inaweza kuudhuru moyo, na maambukizi ya njia ya hewa huongeza hatari ya mapafu kujaa maji. Dalili ninayoiogopa kuliko zote ni kukosa pumzi mtu akiwa ameketi. Anayehema kwa kupanda ni msafiri. Anayehema akiwa amekaa kimya kwenye kitanda cha Horombo ni mgonjwa wa dharura, na hangojewi asubuhi. Huyo hupewa oksijeni ikiwepo, hulazwa kwenye machela ya tairi moja na kushushwa, sawa na yule anayeyumba au kuongea maneno yasiyoeleweka.

Kuhusu dawa nitasema kwa ufupi. Asetazolamidi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Diamox, huusaidia mwili kuzoea mwinuko ikianzwa siku moja kabla ya kupanda, kwa kawaida miligramu 125 mara mbili kwa siku, kwa ushauri wa daktari. Deksamethasoni haisaidii kuzoea. Inazificha dalili, na ninapinga kwa nguvu zote kuimeza ili mgonjwa apate kuendelea kupanda. Kazi yake halali ni kumwezesha mgonjwa ashuke.

Uamuzi wangu wote sasa ninaufanya Horombo, jioni ya siku ya pili, maana kutoka hapo kushuka ni rahisi na bado kuna nafasi ya kuongeza usiku mmoja wa kupumzika kwa mwenye fedha ya kuulipia. Na sianzi na wageni. Ninaanza jikoni, kwa wapagazi, wale tunaowaita wagumu, kwa sababu mgeni atalalamika bila kuombwa, lakini mgumu mwenye homa atabeba kilo zake 20 hadi Kibo akinyamaza, akijua kwamba katika makundi mengi anayeshushwa siku ya pili hulipwa siku mbili. Nilishafanya kazi na waandaaji waliofanya hivyo, na nimeona gharama yake. Leo sikubali kupanda na kundi lolote kabla mwandaaji wa safari hajaahidi, mbele ya wapagazi wenyewe pale langoni, kwamba atakayeshushwa kwa ugonjwa atalipwa siku zote 5. Ahadi hiyo ikishatolewa, ninapoingia jikoni Horombo na kuuliza nani hajisikii vizuri, mikono huanza kuinuka.