Ubora wa yai maana yake nini, na dawa za homoni zinaugusa vipi?

Mdada akiambiwa "mayai yako hayana ubora" kitu cha kwanza anajilaumu, oh nilimeza vidonge vya uzazi wa mpango miaka mingi, oh zile sindano za IVF (kurutubisha yai maabara) zimeniharibu. Wengi wanabeba lawama isiyo yao kabisa.

Ubora wa yai ni uwezo wake wa kurutubishwa na kutoa kiinitete chenye afya. Kikubwa hapo ni kromosomu, yai likikomaa linatakiwa libaki na 23, zikizidi au zikipungua mara nyingi mimba haishiki au inatoka mapema. Na mayai yako ulizaliwa nayo, milioni 1 hadi 2 hivi, yakasimama katikati ya kujigawa tangu uko tumboni kwa mama yako, yaani yai la mtu wa miaka 40 limesubiri miaka yote hiyo. Ndo maana umri unagusa ubora kuliko sindano yoyote.

Sasa dawa zinafanya nini? Kila mwezi vifuko kadhaa vya mayai vinaanza kukua pamoja, kwa kawaida kimoja tu kinafika mwisho, vingine vinanyauka. Sindano za FSH, homoni inayokuza vifuko vya mayai, unazochoma siku 8 hadi 14 hivi, zinavibeba hata vile vilivyokuwa vinaenda kufa, kwahiyo hazili akiba yako ya miaka ijayo. Ila haziingii ndani ya yai kupanga kromosomu upya! Mwenye mayai 15 hajapata mayai bora, amepata nafasi nyingi zaidi za kuwa na lile zuri humo ndani. Hata AMH, homoni inayopimwa kwenye damu, ni hivyohivyo, inakadiria wingi sio ubora, na vidonge vya uzazi wa mpango vinaweza kuishusha kwa muda halafu ukiacha inapanda tena.

Penye kazi kubwa ya dawa ni kwenye kukomaa. Kuna ile sindano ya mwisho, mara nyingi homoni ya hCG, inayoliamsha yai liendelee kujigawa hadi likomae. Ukichoma Jumatatu saa nne usiku, mayai yanatolewa Jumatano karibu saa nne asubuhi, masaa kama 36, ndo maana wanakusisitizia saa kamili na sio "usiku usiku hivi", yakitolewa mapema mengi hayajaiva na yakichelewa yanaweza kuachiliwa yenyewe yakapotea. Mara nyingi maabara wanayavua zile seli zilizoyazunguka, wanatazama kwenye hadubini kama pembeni ya yai kuna kijipira kidogo kimetoka, hicho ndo alama kwamba limekomaa. Lisilo nacho kwa kawaida halirutubishwi siku hiyo, na mtu anaweza akaondoka akijua ana mayai mabovu kumbe mengine yalikuwa mabichi tu, na hilo daktari anaweza kulifanyia kazi mzunguko ujao kwa kubadili dozi, muda au aina ya hiyo sindano ya mwisho.

Kwahiyo ukipewa majibu usikubali neno "ubora" peke yake, omba hesabu, mayai mangapi yalitolewa, mangapi yalikuwa yamekomaa, mangapi yalirutubishwa, na mangapi yalifika siku ya tano ya kukua maabara.