Watoto Watatu, Kishikwambi Kimoja

Nimeulizwa tena, safari hii katika kikao cha wazazi hapa Lamu, ni lini kila mtoto atapata kishikwambi chake ndipo mradi wetu wa watoto kutengeneza filamu darasani uanze kwa dhati. Muulizaji alikuwa na nia njema, kama walivyokuwa waliomtangulia, nami nilimjibu kwa upole ambao sikuwa nao moyoni. Mradi umeshaanza, na hata kama makasha ya vishikwambi vya kutosha Gredi ya Pili nzima yangeshushwa gatini kesho, ningeomba vingi vibaki kabatini wakati wa vipindi vya kutengeneza filamu.

Fikra hiyo ina asili yake. Mpango wa serikali wa kupeleka vifaa vya kidijitali katika shule za msingi za umma, ambao ulianza kutekelezwa mwaka 2016, uliwatanguliza wanafunzi wa darasa la kwanza, na taswira iliyobaki vichwani mwa watu ni ya mtoto mmoja mmoja aliyeinamia skrini yake. Kwa mazoezi ya hesabu na kusoma sina ugomvi na taswira hiyo. Naipinga inapohamishiwa kwenye kazi ya ubunifu.

Chukua filamu ya picha mnato, ambayo jahazi la udongo husogezwa kidogo, hupigwa picha, kisha husogezwa tena, ili picha zikipitishwa mfululizo lionekane linasafiri. Sinema ya kawaida hupitisha picha 24 kwa sekunde, na wahuishaji wengi hutosheka na 12. Mimi na watoto wa miaka saba hatuvuki 5, kwa sababu hata hivyo sekunde kumi tu ni picha 50, na subira ya umri huo ina kikomo. Mtoto aliye peke yake hushika kishikwambi kwa mkono mmoja na jahazi kwa mkono wa pili, akaishia na bahari inayorukaruka na kidole gumba pembeni mwa picha. Wakiwa watatu hugawana: mmoja husogeza jahazi, mwingine hagusi kitu ila kitufe, na wa tatu hutazama skrini na kupiga kelele "Mkono!" kabla picha haijapigwa.

Huyo wa tatu ndiye anayenitia katika mabishano na wageni, ambao humwona hana kazi na kunishauri nimtafutie kifaa. Kazi anayo, tena ndiyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa analazimika kukieleza kwa maneno kile anachotaka kionekane, na wenzake hawatatii mpaka wamwelewe. Mtoto aliye peke yake hahitaji kumweleza mtu nia yake. Akishindwa, hubadilisha nia na hakuna atakayejua. Kundi moja la watoto, wengi wao wa nyumba za wavuvi, lilisimamisha kazi karibu kipindi kizima kwa sababu jahazi lilikuwa limegeuka upande wa pili bila foromali, ule mti unaobeba tanga, kuzungushwa mbele ya mlingoti. Walibishana, wakachora sakafuni kwa chaki, mmoja akasimama awe mlingoti. Mkaguzi angeandika kwamba kifaa hakikutumika, na angekuwa amesema kweli.

Kuhusu sauti nitakuwa mfupi. Kusi likivuma, usirekodi nje. Chumba chenye kuta nene za mawe ya matumbawe ni bora kuliko darasa la saruji na bati, ambamo sauti hugonga na kurudi. Ukiwa na hilo la pili tu, tundika leso na mikeka ukutani. Subiri adhana imalizike. Punda hasubiriwi, huyo mtafutie nafasi katika hadithi. Na wanaodai kifaa kwa kila mtoto wajaribu kurekodi masimulizi thelathini kwa wakati mmoja katika chumba kimoja.

Kuna kazi ambazo ninapunguza kundi. Katika ScratchJr, programu ya kutunga hadithi zenye wahusika wanaosogea kwa kupanga vipande vya amri, iliyotolewa mwaka 2014 kwa ajili ya watoto wa miaka mitano hadi saba, wawili wanatosha, maana kuchora mhusika kwa kidole ni kazi ya mkono mmoja na wa tatu hubaki akichungulia begani.

Linalonisumbua ni zamu. Ninawabadilisha baada ya kila onyesho, lakini mwenye sauti kubwa huendelea kuongoza hata akiwa ameshika udongo, na kuna mtoto mpole anayeniambia kwamba anapenda kusogeza jahazi tu. Siwezi kutofautisha kupenda huko na kukata tamaa. Mtaala wa umilisi unanitaka nimpime kila mtoto kivyake, wakati filamu ni ya watatu, na sehemu ya ninachokijaza katika fomu ni makisio. Nimeanza kuandika mwishoni mwa kila filamu jina la mtoto pamoja na kazi aliyoifanya, na sasa wazazi wananijia kuuliza kwa nini mwanao ameandikwa msukuma jahazi na wa jirani mwongozaji.