Mzeituni chotara hauzai kila mahali

Hapa Tanga nimeulizwa mara nyingi: "Si ni chotara? Basi utazaa hata Chumbageni hapa mjini." Hapana, na inaniuma kuona watu wakitoa hela zao kwa imani hiyo.

Chukua Sikitita, chotara wa Uhispania. Watafiti wa Córdoba walichavusha mzeituni wa aina ya Picual kwa aina ya Arbequina, wakachagua mti mfupi usio na papara ya kurefuka, unaowahi kuzaa, unaofaa kupandwa kwa safu zilizobanana ili mashine ipite juu yake ikivuna. Walichotafuta ni umbo na mavuno. Hitaji la baridi limebaki palepale.

Mzeituni hautoi maua mpaka upitie wiki kadhaa za usiku wa baridi, chini ya nyuzi 10 hivi, kisha joto lirudi taratibu. Kwetu hata Julai usiku huwa karibu nyuzi 20. Jirani yangu anao mmoja uani: shina limenenepa kama mkono, majani membamba, kijani juu na rangi ya fedha chini, ukiyageuza yanang'aa. Mti mzuri kweli. Ua hajaliona hata moja.

Na wazo la kupanda kokwa za zeituni za chupa tuliache. Zimelowa chumvi, na hata mbegu mbichi ya chotara haitoi mti kama mama yake. Sikitita huzalishwa kwa vipande vya matawi vilivyooteshwa mizizi.

Anayetaka kujaribu apande Lushoto, kwenye baridi ya milimani, penye mteremko usiotuamisha maji, na aanze na miche miwili mitatu tu.