Nani ana funguo ya geti? Kwa wale mnaosema timu ya chuo ina stafu wengi mno

Jana usiku shemeji yangu wa Houston kanitumia voisi ya dakika saba. Dakika sita za kwanza ni kulalamikia timu ya futiboli (ile ya Kimarekani ya helmeti, sio soka) ya chuo anakosoma binti yake (analipa ada, kwa hiyo anajiona mwenyehisa), ya saba ndo swali lenyewe: "Sasa shem, hawa watu themanini wanaosimama pembeni wamevaa polo zinafanana, wanafanya nini? Si wapunguzwe hiyo hela ikanunue kwotabeki?" (Kwotabeki ndo yule mrusha mpira anayeongoza mashambulizi.) Hili swali nimeulizwa msibani, nimeulizwa harusini, nimeulizwa nikiwa kwenye foleni ya pilau na sahani mkononi. Na tangu vyuo vya Marekani viruhusiwe kuwalipa wachezaji moja kwa moja, Julai 2025, ndo haliishi kabisa. Kwa hiyo leo naandika, siku nyingine mtu akiniuliza namtumia linki naendelea kula.

Mimi ni atletiki treina. Sio treina wa gym jamani, sinyanyulishi mtu vyuma wala sina programu ya kukata kitambi, acheni kunitumia picha za matumbo yenu. Ni mtu wa afya mwenye leseni, kazi yangu ni kuhakikisha mchezaji haumii, na akiumia mimi ndo wa kwanza kufika alipolala. Mzaliwa wa Tanga, mwaka wa 14 huu niko kusini mwa Marekani, nimepita vyuo vitatu na sivitaji hata kimoja.

Tuanze na hela maana ndo inayowauma. Ule muafaka wa kesi ya House (wachezaji waliishtaki NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani) ulioidhinishwa Juni 2025 uliweka dari: mwaka wa kwanza chuo kinaweza kuwagawia wachezaji wake wa michezo yote kama dola milioni 20.5. Dari, shemeji. Chuo tajiri kikishafika pale, dola inayofuata hakiwezi kumpa mchezaji kwa mlango huo hata kingetaka, na mshahara wa stafu hauhesabiwi ndani ya ile dari. Kwa hiyo kwa wale wakubwa hesabu yenu ya "punguza stafu ununue mchezaji" hata haipo mezani. Kwa vyuo vidogo visivyofika popote karibu na dari, hapo sawa, kila dola inagombaniwa na nawaelewa kidogo. Kidogo tu.

Wale wa polo wengi ni analisti, yaani wachambuzi wa mechi. Hadi katikati ya 2024 sheria ya NCAA ilikuwa kocha mkuu na wasaidizi 10 ndo wanaofundisha uwanjani, ukiacha vijana wachache wa masters. Wengine unaruhusiwa kuwaajiri utakavyo, wakate video, waandike ripoti, wamnong'oneze kocha, ila hawaruhusiwi kumwambia mchezaji "mguu wako umeuweka vibaya". Nick Saban, aliyekuwa kocha mkuu wa chuo cha Alabama, akaligeuza hilo kuwa mtaji, anaokota makocha waliofukuzwa kwingine anawafungia kwenye vyumba vya video. Steve Sarkisian aliingia hapo 2016 kama analisti, 2021 akawa kocha mkuu wa chuo cha Texas. Butch Jones alifukuzwa ukocha mkuu wa chuo cha Tennessee 2017, mwaka uliofuata yuko Alabama anachambua video huku Tennessee bado wanamlipa, yaani mume wa zamani analipa kodi ya nyumba mliyohamia na mume mpya. Juni 2024 sheria ikalegezwa, sasa stafu yeyote anaweza kufundisha mazoezini na kwenye mechi, kwa hiyo wale mnaowaona leo wanapiga kelele pembeni jana yake walikuwa wanafanya kazi hiyo hiyo kwa kunong'ona.

Watu wa lishe napita haraka. Miaka kadhaa kabla ya 2014 chuo kiliruhusiwa kumpa mchezaji bagel (mkate wa duara wenye tundu) kama kitafunwa, ila ukiipaka jibini laini tayari ni mlo, umevunja sheria. Andazi sawa, chai hapana. Aprili 2014 Shabazz Napier, mchezaji wa chuo cha Connecticut, wakiwa ndo wanachukua ubingwa wa basketi, akasema kuna usiku analala na njaa, na mwezi huo huo NCAA wakapitisha chakula bila kikomo. Lakini ukishasema bila kikomo lazima uwe na mtu wa kununua, kupika, na kujua yule wa kilo 140 anatakiwa apungue na huyu wa 80 aongezeke. Watu wa masomo nao vivyo hivyo, mchezaji wa futiboli asipopata krediti zake 9 za muhula wa mechi anaanza msimu unaofuata akiwa jukwaani, na kijana wa miaka 18 anayetoka mazoezini saa moja jioni hoi bin taabani hawezi kuzifuatilia peke yake. Basi, tumemaliza hao.

Sasa hapa ndo kwenye ugomvi wangu. Watu wakisikia "wekeza kwenye stafu na mfumo" wanafikiria idadi ya watu na programu ya kompyuta. Mfumo si programu, hebu niwaonyeshe.

Mwezi wa nane, kambi ya maandalizi, saa tisa alasiri. Joto la huku mwezi huo ni lile la Tanga la mwezi wa pili ukiwa umesimama nyuma ya lori linalonguruma, na juu yake mtu kavaa helmeti na mapedi. Kuna kijana mmoja wa mstari wa mbele, mpole kweli, ananiitaga ma'am kila sentensi. Siku hiyo namuona anakimbia kama miguu si yake, namuita namuuliza leo siku gani, akanitukana tusi la nguoni. Mwenzangu akacheka, mimi nikaishiwa nguvu, kwa sababu kiharusi cha joto huwa kinaanza hivyo, ubongo ndo unaoanza kuiva, mtu mpole anakuwa mkali au mkali anakuwa kimya. Tukampima joto. Na joto halisi la ndani halipimwi kwapani wala kwenye paji la uso wala sikioni, linapimwa kwa waya unaoingizwa njia ya haja kubwa, chekeni mmalize. Digrii 41.4.

Hapo sheria ni moja: poza kwanza, safirisha baadaye. Ukifanikiwa kumshusha chini ya 40 ndani ya nusu saa karibu wote wanapona, ukichelewa figo na ini vinaanza kuzima kimoja baada ya kingine. Kwa hiyo humkimbizi hospitali, unamtumbukiza pale pale kwenye maji ya barafu. Na lile beseni letu la kitaalamu, mkitaka kujua, ni hori la kunyweshea ng'ombe, lita 500 na ushee, linauzwa kwenye maduka ya wakulima kwa dola mia na kitu au mia mbili.

Sasa hesabuni mikono. Mmoja kapitisha shuka kwenye makwapa ya kijana kamshikilia kichwa kisizame, kilo 135 hizo zinarukaruka. Mmoja anakoroga maji bila kuacha, maana maji yaliyotulia yanapata joto kwenye ngozi na kazi inasimama. Mmoja anasoma kipimajoto kwa sauti. Mmoja yuko kwenye simu na daktari na ambulensi. Mmoja anawaondoa wenzake wanaorekodi na simu. Na mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa pili anayelipwa kwa saa, kakimbia kwenye geti la kaskazini na funguo mkononi, kwa sababu ambulensi inaingilia geti hilo na geti hilo siku zote lina kufuli. Dakika 13 akashuka 38.8, tukamtoa, ambulensi iko pembeni inasubiri. Siku ya tatu kaja ofisini kuomba msamaha wa tusi.

Watu sita. Lakini hori lilikuwa na maji na barafu tangu saa saba mchana, siku ambayo pengine asingeanguka mtu, na siku nyingi haanguki mtu, tunamwaga maji jioni na mhasibu anauliza barafu yote hiyo ya nini. Huyo kijana wa funguo ukimkuta siku ya kawaida kasimama tu na polo yake, utasema wanalipa mtu asimame.

Chuo cha Maryland walijifunza kwa njia ngumu. Mei 29, 2018 mchezaji wao Jordan McNair, miaka 19, alizidiwa na joto kwenye mbio za mazoezi. Ripoti huru iliyofanywa baadaye ilisema hakutumbukizwa kwenye maji ya baridi, na toka dalili zianze hadi ambulensi inaondoka naye ilipita zaidi ya saa moja na nusu. Alifariki Juni 13. Hicho si chuo masikini, kiko kwenye Big Ten, moja ya ligi kubwa za vyuo, treina wapo, makocha wapo, majengo yapo. Mwaka 2021 jimbo likakubali kuilipa familia dola milioni 3.5. Mimi sina hamu ya kumhukumu mwenzangu yeyote aliyekuwa pale siku ile, ninachojua ni kwamba bei ya hori nimeshawatajia.

Na hili jingine linatuhusu sisi kabisa, someni polepole. Selimundu, sickle cell. Wengi wetu wa pwani, wa kanda ya ziwa, wa Kongo, tuna ndugu ambao si wagonjwa ila wamebeba kinasaba kimoja, na maisha ya kawaida hawahisi chochote. Kwenye futiboli ya Marekani huyo mtu anaweza kufa siku ya kwanza ya mazoezi, kwenye zile mbio za mfululizo bila kupumzika ambazo makocha wanapima nani ni mwanaume. Dale Lloyd, mchezaji wa chuo cha Rice, alifariki hivyo 2006, familia ikashtaki, na kutokana na kesi hiyo tangu 2010 vyuo vya daraja la kwanza vinatakiwa kupima. Vizuri. Sasa kipimo kimefanyika, karatasi iko kwenye faili la kliniki, faili liko kwenye kabati, na kocha wa viungo aliyeajiriwa wiki iliyopita yuko uwanjani na filimbi hajui kati ya wachezaji 105 ni nani asikimbizwe bila kupumzishwa. Hapo mfumo upo au haupo? Sisi tunafanya kishamba tu, mkutano wa dakika kumi kila asubuhi, majina yanasomwa kwa sauti, kocha wa viungo anasaini. Karatasi ya kawaida na biki. Nilishaletewa programu ya maelfu ya dola kwa mwaka ifanye kazi hiyo, ikawa inatuma taarifa kwa imeili ambayo hakuna aliyekuwa anafungua.

Haya, na yale ambayo kwenye makongamano yetu hatuyasemi kwa sauti. Zile vesti za GPS mnazoziona mgongoni mwa wachezaji, tuliambiwa gawanya mzigo wa mazoezi wa wiki hii kwa wastani wa wiki nne, ikizidi 1.5 mtu ataumia. Nimeishika hiyo namba kama msahafu miaka kadhaa, nimewapumzisha watu kwa ajili yake, halafu watafiti wakaja kuikosoa hesabu yenyewe na leo siwezi kukuapia kama niliwahi kumuokoa hata mmoja. Bado naangalia vesti, ila kwa jambo dogo: mtu aliyekuwa anakimbia kasi fulani jana, leo kashuka ghafla, naenda kumuuliza amelala saa ngapi.

Analisti nao. Alabama walikuwa nao wengi wakashinda, ndio, lakini Alabama walikuwa na kila kitu, wachezaji bora, hela, Saban mwenyewe, sasa utajuaje ni chumba cha video kilichoshinda? Mimi sijui. Mfano ninaoupenda ni chuo cha Indiana, 2023 walishinda mechi 3 wakapoteza 9, akaja kocha Curt Cignetti na mwaka uliofuata wakashinda 11 wakapoteza 2. Hakuja peke yake, alihama chuo cha James Madison na wakuu wake wa ulinzi na ushambuliaji, kocha wa viungo, na wachezaji zaidi ya kumi. Watu wanaojuana, hawahitaji miezi sita ya kuzoeana. Lakini wengine wamehama na kijiji kizima wakafeli vilevile, kwa hiyo msininukuu sana.

Linaloninyima usingizi ni mamlaka. Tangu 2016 ligi kubwa zina kanuni kwamba daktari na treina wana neno la mwisho juu ya nani acheze, na kocha hatakiwi kuwa bosi wangu. Kwenye karatasi. Chuo kimoja nilichopita, kocha mkuu hakuwa bosi wangu kabisa, ila bosi wangu alikuwa anamuogopa kocha mkuu, sasa hapo nambie tofauti. Nilimzuia mchezaji aliyegongwa kichwa, sikufukuzwa, nikahamishiwa timu ya gofu. Chuo hicho hicho walijenga chumba cha kuvalia chenye taa zinabadilika rangi na viti vya ngozi vyenye majina, halafu mashine ya barafu moja tunagombania na timu ya soka na ya wanariadha, mwezi wa nane. Nikiomba ya pili naambiwa bajeti. Tajiri wa chuo anataka jina lake liandikwe ukutani, na hakuna tajiri anayetaka jina lake kwenye mashine ya barafu.

Nilimjibu shemeji yote haya kwa voisi, akanijibu kwa kidole gumba tu. Asubuhi hii kaandika tena: mdogo wake yule binti anaanza futiboli sekondari mwezi wa nane, amnunulie viatu gani? Nimemwambia viatu vyovyote, ila aende shuleni wiki ya kwanza aulize kama wana treina, hori liko wapi, linajazwa saa ngapi, na funguo ya geti anakaa nayo nani. Na kabla ya hapo ampeleke mtoto akapime selimundu, maana kipimo kile ni lazima vyuoni, sekondari hakuna atakayemuuliza. Upande wa mama yake ni watu wa Muheza, na wajomba zetu wawili tunajua walikufa na nini.